Kidonda Kinachochelewa Kupona

Likizo iliyopita nilipofika nyumbani, hapa Hombolo, nilimkuta babu yangu ameketi peke yake chini ya mbuyu. Alikuwa ametibiwa saratani ya koo kwa mionzi huko mjini, na matibabu yalikuwa yamekwisha wiki tano kabla. Lakini kinywa chake kilikuwa kimejaa vidonda, na kila tonge lilimtoa machozi. Majirani wengine walisema mashine imemwunguza, wengine walisema amerogwa. Babu mwenyewe alikuwa amekata shauri asirudi tena kwa daktari.

Nilimwendea mwalimu wetu wa Bayolojia, kisha mwuguzi wa zahanati. Waliyonieleza nayaandika hapa, kwa kuwa huenda msomaji naye ana mzee wa namna hiyo nyumbani.

Matibabu haya hutolewa mahali kama Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoundwa mwaka 1996. Kwa kawaida mgonjwa wa koo hupigwa mionzi siku 5 kila wiki, kwa muda wa wiki 6 au 7, yaani mara 30 hadi 35. Mionzi huua chembe za mwili zinazogawanyika upesi. Chembe za saratani ni za namna hiyo. Lakini ngozi laini ya kinywa nayo hujifanya upya upesi, basi huumia pamoja nazo. Ndiyo sababu vidonda huanza kwenye wiki ya pili au ya tatu.

Je, mbona havikomi matibabu yakiisha? Kwanza, kazi ya mionzi huendelea mwilini siku kadhaa baada ya mashine kuzimwa. Pili, matezi ya mate huumia, na mate ndiyo yanayoosha na kulinda kinywa. Tatu, mishipa midogo ya damu hudhoofika, na kidonda kisichopata damu ya kutosha huchelewa kupona. Wengi hupona baada ya wiki chache. Wengine hungoja miezi.

Mwuguzi alitufundisha hivi. Chemsha maji lita moja, utie kijiko kimoja cha chai cha chumvi, uyaache yawe vuguvugu. Mgonjwa asukutue mara nyingi kila siku, kisha ateme. Mswaki uwe laini. Asivute tumbaku wala kunywa pombe. Pilipili, ubuyu, ndimu na zabibu zetu za Dodoma aziache kwanza, maana huwasha. Ale uji uliotiwa unga wa karanga, maziwa, na ugali laini kwa mlenda usio moto sana. Hapo babu alicheka kwa mara ya kwanza, akasema, "Kumbe mlenda ni dawa!" Kama maumivu yanamzuia kula, aombe dawa ya maumivu, kwa sababu mwili wenye njaa hauponyi kidonda.

Lakini subira nayo ina mpaka. Utando mweupe kinywani huenda ni ukungu, nao una dawa yake. Homa, damu isiyokoma, kushindwa kumeza maji, mfupa wa taya kuonekana, au kidonda kinachozidi badala ya kupungua: hayo yote yapelekwe kwa daktari mara moja. Tena asing'olewe jino kabla ya kumwambia daktari wa meno kwamba alipigwa mionzi, kwa kuwa taya lake huenda lisipone.

Wazee wa Hombolo wanakikumbuka kituo cha wagonjwa wa ukoma kilichokuwa hapa kwetu. Zamani hizo pia watu walisema ni laana, na hali wagonjwa walihitaji dawa, kuoshwa vidonda kila siku, na jamaa wasiowakimbia.

Babu alikubali kurudi kwa daktari. Alipimwa, akaambiwa kuwa ugonjwa haukurudi. Ni vidonda tu vinavyochelewa. Ulipofika mwezi wa nne vilikuwa vimefunga. Mate bado ni machache, hata akienda barazani huchukua chupa yake ya maji. Lakini anakula na wenzake, tena anasema kuliko wote.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu