Tunza Cheti, Daktari wa Moyo Atakihitaji

Huenda nyumbani kwako yuko mtoto ambaye koo humuuma mara kwa mara. Koo linapona. Baada ya wiki mbili au tatu, goti linavimba. Kesho ni kifundo cha mguu. Watu husema mtoto anakua, au amepigwa na baridi. Pengine sivyo. Huenda ni homa ya baridi yabisi, na homa hiyo huweza kuuharibu moyo.

Ndani ya moyo mna milango midogo iitwayo vali. Damu ikishapita, vali hujifunga ili damu isirudi nyuma. Homa hii huzifanya vali kuwa ngumu, au zisifunge vizuri. Moyo hufanya kazi zaidi, halafu huchoka. Mtoto huanza kuhema kwenye kilima alichokuwa akikipanda mbio. Msichana mwenye vali mbovu akija kupata mimba, moyo wake hulemewa zaidi, maana damu ya kusukuma imeongezeka. Anaweza kufa.

Kinga ipo. Ni sindano ya penisilini inayokaa mwilini muda mrefu. Huchomwa kila wiki 3 au 4, kwa miaka 5 au zaidi.

Sasa tumfuate daktari wa moyo kazini. Asubuhi huona wagonjwa kliniki. Husikiliza kifua kwa kile chombo cha masikioni. Mfaransa Laennec alikivumbua mwaka 1816, akianza na karatasi iliyokunjwa tu. Vali inayovuja hutoa mvumo kama wa upepo. Kisha daktari hupima umeme wa moyo, na hutazama vali kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Baadaye huenda wodini. Lakini muulize ni kitu gani kinachokula muda wake. Atakuonyesha meza.

Mezani pana barua za rufaa, fomu za vipimo na fomu za bima. Mgonjwa huanzia zahanati, huenda kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya mkoa, na wengine hufika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Kila ngazi ina karatasi zake. Zinachosha, na nyingine huuliza jambo lile lile mara tatu. Hata hivyo, bila cheti daktari hajui mtoto alichomwa sindano ngapi, wala lini aliacha. Mzazi husema, "Alipewa vidonge vyeupe." Vidonge vyeupe ni vingi.

Wako madaktari waliochoshwa na karatasi hizo, wakajifunza kuandika programu za kompyuta. Programu ni maagizo yaliyopangwa, ambayo mashine huyafuata bila kuchoka. Wengine huziandika jioni nyumbani kwa kupenda tu, kama wewe unavyocheza bao. Mmoja aliyefika mbali ni Homer Warner wa Salt Lake City, Marekani, aliyefanya kazi katika maabara ya moyo. Mwaka 1961, yeye na wenzake walieleza jinsi kompyuta inavyoweza kupewa dalili za mtu aliyezaliwa na kasoro ya moyo, ikahesabu ni kasoro ipi inayoelekea zaidi. Baadaye waliunda mfumo wa hospitali uitwao HELP. Mfumo huo ulikusanya habari za mgonjwa mahali pamoja. Uliweza pia kumwonya daktari kwamba dawa mbili hazipatani.

Usidhani jambo hili linataka umeme. Chukua daftari. Andika majina ya watoto wa kijiji wanaochomwa sindano hii, tarehe ya sindano, na tarehe ya kurudi. Kisha andika agizo: "Kila Jumatatu soma tarehe. Kama siku ya kurudi imepita na hakuna alama, nenda kwa mzazi." Hiyo ni programu kamili. Kaskazini mwa Australia daftari la namna hii lilianzishwa mwaka 1997, ili watoto wasisahauliwe. Mhudumu wa afya wa kijiji na mzazi mmoja ajuaye kusoma wanaitosha kazi hii.

Na vyeti vya nyumbani? Viweke pamoja katika bahasha ngumu, mbali na mvua na panya. Usitupe cha zamani ukipewa kipya. Jina liwe moja siku zote. Mtoto akiitwa Hamisi kwenye cheti kimoja na Juma kwenye kingine, hospitali itadhani ni watoto wawili. Kabla ya kuondoka zahanati, soma mwenyewe tarehe ya kurudi. Kama haikuandikwa, omba iandikwe.

Ikiwa mtoto aliwahi kuvimba uso au kushindwa kupumua baada ya penisilini, jambo hilo pia liandikwe juu ya cheti kwa herufi kubwa. Mwonyeshe mganga kabla hajavuta dawa kwenye bomba la sindano. Kuna dawa nyingine atakayompa.