Mwaka wa Wapenda Ndege wa Chokocho

Pemba ina aina nne za ndege wasiopatikana kwengine duniani, miongoni mwao bundi na ninga wa Pemba. Wakaazi wa Chokocho wapendao kupiga picha za ndege na kuzituma katika makundi ya WhatsApp wanashauriwa kuyapangia kazi za mwaka mzima, kwani kundi lisilo na shughuli hunyamaza. Vuli, waandikwe ndege wa pwani wanaowasili kutoka Ulaya na Asia. Kaskazi, wahesabiwe maji yakijaa. Masika, picha zipangwe kwa majina. Kusi, wanafunzi wafundishwe. Wanachama wapya watafutwe skuli na madikoni. Sharti ni moja: penye kiota pasitajwe, kwani picha moja yaweza kumwongoza mwindaji.