Sitawasahau majirani zangu wa Themi



Naomba nieleze machache juu ya mji wa Arusha, ambako niliishi kwa zaidi ya miaka sita nikiwa mgeni kutoka Kenya. Nimesukumwa kuandika kwa sababu kila yanapozuka maneno ya biashara mpakani, hawakosekani watu wa pande zote mbili wanaosema kuwa Mkenya na Mtanzania hawawezi kukaa nyumba moja. Mimi nimekaa.

Nilifika Arusha mwaka 1970 nikiwa kijana wa miaka 22, karani wa majalada katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya kwanza iliyoanza kazi Desemba 1, 1967. Makao ya Reli yalikuwa Nairobi, Bandari Dar es Salaam, Posta na Simu Kampala, na sekretarieti Arusha. Tangu Amin alipotwaa madaraka Uganda Januari 1971, wakuu wa nchi tatu hawakukutana tena katika kikao cha Jumuiya, kwani Mwalimu Nyerere alikataa kukaa naye meza moja. Lakini sisi makarani, Mganda, Mkenya na Mtanzania, tulikaa meza moja kila siku saa nne asubuhi, tukanywa chai ya birika moja, na ugomvi wetu mkubwa ulikuwa ni nani aliyemaliza maandazi.

Nilipanga chumba Themi, kwa mama mmoja mjane wa Kimeru. Kabla sijafungua mzigo alinipeleka kwa balozi wa nyumba kumi. Nilishtuka, kwani kwetu balozi ni mtu wa suti na gari lenye bendera. Nikamkuta mzee anapalilia migomba. Alinawa mikono, akatoa daftari la shule, akaandika jina langu, kwetu ni wapi na kazi yangu ni ipi. Nilidhani natiliwa mashaka, nikalala nimenuna.

Kiswahili changu cha Machakos kilinitia aibu wiki ya kwanza tu. Niliingia dukani nikasema, "Nipe sukari nusu." Mzee wa duka akaniangalia, akasema, "Umeamkaje, ndugu yangu?" Watu wakacheka. Nilitoka nje, nikaingia upya na "Shikamoo mzee," na sukari nikapimiwa kwa nyongeza. Mpaka leo siingii duka bila salamu, na vijana wa huku kwetu wananiona mzee wa ajabu.

Nayakumbuka mengi. Ndizi za mama yule, na loshoro ya jirani yetu Mwarusha, mahindi na maziwa ya mgando, ambayo mara ya kwanza niliimeza kwa adabu tu na mara ya tatu nikaomba niongezewe. Baridi ya Juni na Julai, ukungu umefunika kila kitu, hata mgeni aliyefika juzi hajui kama upo mlima. Halafu asubuhi moja unafungua dirisha na Meru yote iko pale, zaidi ya mita 4,500, kana kwamba imeletwa usiku. Na Mto Themi. Mvua ikinyesha mlimani, mto ulivimba usiku na kunguruma hali kwetu chini hapakuwa na tone. Mama yule akisikia, alitoka na taa kuanua nguo za wapangaji wote.

Januari 1977 niliomba likizo kwenda kumwona mama yangu mzazi aliyekuwa mgonjwa. Nikamwachia mama wa Themi ufunguo, nikamwambia narudi baada ya wiki mbili. Mwanzoni mwa Februari, baada ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki kuvunjika na Kenya kuanzisha la kwake, Tanzania ilifunga mpaka. Kabla ya Agosti Jumuiya yenyewe ilikuwa imekufa, na kazi yangu pamoja nayo. Niliandika barua mbili, sikupata jibu. Nikakata tamaa ya vitu vyangu, na nakiri, nikaanza kusema maneno yale yale niliyoyalaumu hapo juu.

Novemba 1983 Mwalimu Nyerere, Rais Moi na Rais Obote walikutana Arusha, na mpaka ukafunguliwa. Machi 1984 nilipanda basi nikapita Namanga. Nilimkuta mama yule amezeeka, ananifahamu kwa sauti. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alimtuma mjukuu amwite balozi.

Balozi alikuwa mwingine, yule wa kwanza alikwisha fariki, lakini daftari lilikuwa lile lile. Likasomwa mbele ya majirani: baiskeli moja, redio moja, kitanda, godoro, masufuria mawili, sanduku la vitabu. Mama alipolazimika kupangisha chumba mwaka 1977 alihesabu kila kitu mbele ya balozi, akakifungia stoo. Vyote vilikuwamo. Mstari wa mwisho ulisema: sukari kilo moja na nusu, imetumika mwaka 1980 ilipoadimika, atalipwa. Hapo mama akaingia ndani akatoka na mfuko wa sukari.

Wasomaji wanaokumbuka maduka ya mwaka 1984 wanajua sukari ile ilimgharimu nini. Nilikataa. Akasema, "Mstari huu lazima ukatwe, baba." Nikapokea, balozi akaukata. Nilipotaka kulipa kodi ya kutunziwa vitu alijibu kuwa kodi ya chumba aliipata kwa mpangaji mwingine, na stoo haina kodi. Baiskeli nilimwachia mjukuu. Sukari nilikwenda nayo Machakos, mama yangu akainywa.

Niliahidi kurudi na mke wangu aje amsalimu. Mambo ya watoto na ada yakanifunga, nikaahirisha mwaka hadi mwaka, na habari za kifo chake zilinifikia amekwisha zikwa miezi minne. Jumuiya mpya, ambayo mkataba wake ulitiwa saini Arusha Novemba 30, 1999, sasa ina nchi nane, na mabasi ya Namanga ni mengi kuliko tulivyopata kuota. Aliyechelewa ni mimi.

Nawaomba wajukuu wa nyumba ile, au yeyote aliyerithi makaratasi ya mabalozi wa Themi wa miaka ile, kama daftari bado lipo, wanitolee nakala ya ukurasa wangu. Miguu ikinibeba nitaifuata mwenyewe, na nitapita kaburini kwanza.

Karani Mstaafu,
Machakos, Kenya.