Kaa wa Kijito na Harufu ya Zizi

Wakulima wengi, wateremkapo mtoni asubuhi, wamekwisha kumwona kaa wa rangi ya udongo akikimbilia chini ya jiwe. Kaa hawakai pwani tu; wako pia wa maji baridi katika vijito vya Kenya bara.

Mmoja nilimtwaa bondeni Kitisuru, hapa Nairobi, nikamtia katika debe la maji ili watoto wangu wamtazame. Tukamlisha vipande vya nyama. Siku ya tatu maji yalinuka na kaa akafa. Mzee jirani yangu akacheka: "Mwalimu, umemzamisha katika mkojo wake mwenyewe!"

Hakukosea sana, ingawa hewa pia ilikuwa imepungua katika debe lile. Mnyama yeyote akila huachiwa taka ya naitrojeni mwilini. Ng'ombe huigeuza taka hiyo kuwa urea, ikatoka kwa mkojo. Kaa hajisumbui hivyo. Yake hubaki amonia, ile ile iwashayo macho katika zizi lisilofagiwa, na ambayo mwainunua ndani ya gunia la salfeti ya amonia. Nayo haitoki sana kwa mkojo. Sehemu kubwa hutoka kwa matamvua anayovutia pumzi.

Matamvua hayo yako chini ya gamba, pande zote mbili, membamba kama kurasa za kitabu. Ndani mna damu, nje maji, na karibu na mdomo kuna kiungo kipigacho kama kasia ili maji mapya yapite. Amonia ikizidi damuni kuliko majini, hupenya yenyewe. Lakini majini ikizidi, je? Chembe za matamvua zina pampu ziwezazo kuisukuma nje kwa nguvu. Mwaka 2002 Dirk Weihrauch na wenzake walieleza habari za kaa wa pwani za Ulaya: walipovuruga kwa dawa vijiuzi vilivyomo ndani ya chembe hizo, kazi ya kusukuma ilipungua sana. Wakaona yaelekea amonia hunaswa katika vifuko vidogo vyenye asidi, vikavutwa hadi ukingoni na kumwagwa nje.

Kazi hiyo hula nguvu za mwili, tena ina mpaka wake. Maji ya zizi yakiteremka kijitoni, kaa hana pa kuitupa taka yake. Na mahali palipomwagwa maji ya chokaa ni pabaya zaidi, kwa kuwa hapo amonia hugeuka kuwa katika hali yake kali.

Yule mzee ana ng'ombe wawili, na zizi lake lilikuwa likimwaga bondeni. Jumamosi iliyofuata tulichimba mtaro, yeye kwa jembe na mimi kwa sepetu, tukayageuzia maji yale kwenye nyasi zake za nepia. Amekwisha kuzikata mara mbili.