Kupima Utendaji wa Fosfatesi katika Udongo wa Kibanja na wa Rweya

Katika wilaya za Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, hatua chache tu zatosha kumtoa mtu kibanjani, penye migomba na mibuni, na kumfikisha katika rweya, yaani mbuga ya nyasi. Tofauti kubwa ya rutuba baina ya pande hizi mbili imetokana na kazi ya Wahaya. Kwa vizazi vingi nyasi za rweya zimekatwa ziwe matandazo ya migomba, na ng'ombe waliolishwa huko wameleta samadi kibanjani. Ng'ombe walipopungua, kama ilivyotokea kwa ugonjwa wa sotoka katika miaka ya 1890, chanzo hicho cha rutuba nacho kilipungua.

Kirutubisho kimojawapo kinachohusika ni fosforasi. Mvua ya Bukoba, ambayo hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, huchuja madini mengi na kuuacha udongo ukiwa na asidi. Katika udongo wa namna hiyo chuma na alumini huikamata fosfati, nayo mizizi huipata kwa shida. Sehemu nyingine ya fosforasi imefungwa ndani ya mabaki ya mimea na wanyama. Ili mmea uitumie, sharti fosfati ikatwe kutoka katika molekuli hizo kubwa. Wakataji ni vimeng'enya viitwavyo fosfatesi, vinavyotolewa na mizizi, kuvu na bakteria.

Vimeng'enya hivi ni vichache mno kuweza kupimwa kwa mizani; hupimwa kwa kazi vinayoifanya. Mtafiti huvipa kampaundi ya methilumbeliferili fosfati. Kampaundi hii ikiwa nzima haing'ai, ila kidogo sana. Fosfatesi ikiikata, hutoka fosfati pamoja na methilumbeliferoni. Hii ya pili, ikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno wa nanometa 365 hivi, hutoa mwanga wa buluu wa nanometa 450 hivi. Tabia hiyo huitwa florisensi, jina lililobuniwa na George Gabriel Stokes mwaka 1852. Kadiri buluu inavyozidi, ndivyo kazi iliyofanyika ilivyo kubwa.

Udongo hukorogwa katika kimiminiko chenye pH inayokaribia ile ya shambani, kisha huwekwa katika vishimo vidogo vya sahani pamoja na kampaundi. Baada ya muda maalumu kwa halijoto isiyobadilika, huongezwa sodiamu haidroksaidi kidogo, kwa kuwa methilumbeliferoni hung'aa zaidi katika hali ya besi. Mboji nayo humeza sehemu ya mwanga. Kwa hiyo viwango vya kulinganishia hutayarishwa ndani ya udongo uleule. Vinginevyo kibanja chenye mboji nyingi kitaonekana kuwa na fosfatesi chache kuliko ilizo nazo.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kishimo kina gramu 0.002 za udongo, na katika saa 2 zimetolewa nanomoli 1.2. Kugawanya 1.2 kwa 0.002 kunatoa 600. Kugawanya tena kwa 2 kunatoa nanomoli 300 kwa gramu kwa saa.

Je, tarakimu kubwa ni habari njema? Si lazima. Mimea na vijidudu vinapokosa fosfati huzidisha fosfatesi, na fosfati inapopatikana kwa wingi hupunguza. Tena udongo wenye mboji na viumbe wengi huweza kuwa na vimeng'enya vingi kwa sababu hiyo tu. Kwa hiyo kipimo husomwa pamoja na kiasi cha kaboni na cha fosfati iliyo huru. Aidha, maabara huonyesha uwezo wa vimeng'enya vinapopewa chakula tele, wala si mwendo wao halisi shambani.

Shule isiyo na kipima-florisensi yaweza kuifahamu kanuni hii kwa njia ya Tabatabai na Bremner ya mwaka 1969, itumiayo nitrofenili fosfati. Humo kazi ya kimeng'enya huonekana kwa rangi ya manjano, ambayo hupimwa kwa kalorimita.

Jambo moja lisisahauliwe. Fosfatesi hufungua fosforasi iliyopo, haiumbi mpya. Kila mkungu wa ndizi na kila gunia la kahawa linaloondoka kibanjani huchukua sehemu yake, na pasipo samadi, matandazo au mbolea ya kuirudisha, wakataji hao watabaki bila cha kukata.