Supu ya Mbali, Mbuta wa Majanji

Mbuta akipasuliwa pale Majanji, mwalo wa Ziwa Victoria huko Busia upande wa Uganda, mkono wa kwanza kuingia tumboni mwake si wangu mimi mnunuzi wa nyama. Ni wa anayetafuta bondo, kile kifuko cheupe cha hewa kinachomwezesha samaki kukaa kwenye kina akitakacho. Huoshwa, huondolewa utando na mafuta, hukaushwa. Nyama ninayonunua mimi inaishia sokoni Busia na Tororo. Bondo linapanda ndege kwenda Hong Kong na miji ya China, kupikwa supu.

Huko, karamu ya heshima ina vitu vinne vikavu vya majini: abaloni, jongoo bahari, mapezi ya papa na bondo. Pezi la papa lenyewe halina ladha. Utamu ni wa mchuzi wa kuku na paja la nguruwe lililokaushwa. Kinacholipiwa ni nyuzi zinazoteleza mdomoni, pamoja na jina la mwenye karamu. Kwa ajili hiyo wavuvi wa bahari kuu wamekuwa wakimkata papa mapezi na kumtupa majini angali hai, azame afe, maana nyama yake inajaza chombo na haina bei. Sisi tunaoishi kwa samaki tunauona huo kuwa ukatili. Pwani ya Afrika Mashariki papa hukaushwa kwa chumvi, akapikwa kwa nazi, asitupwe. Ila hata huko mapezi hutengwa kwa mnunuzi wake.

Papa hana mbio za kuzaa. Wako wanaokomaa baada ya miaka zaidi ya 10, tena huzaa watoto wachache. Mwaka 2013 watafiti walikadiria kwamba papa wapatao milioni 100 huuawa kila mwaka. Mwaka huohuo, katika mkutano wa Bangkok, mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini uliwaingiza papa nyundo katika orodha yake, na mwaka 2022 huko Panama ukaongeza jamii kubwa ya papa ambao mapezi yao huuzwa zaidi. Ndani ya China kwenyewe, mchezaji wa mpira wa kikapu Yao Ming aliwaomba watu wake waiache supu ya mapezi, na serikali ikaiondoa katika karamu zake.

Bondo halijapigiwa kelele kiasi hicho, ingawa madhara yake yameonekana. Huko Mexico, nyavu za kumtafuta samaki aitwaye totoaba kwa ajili ya bondo lake zinamnasa vaquita, mnyama mdogo wa jamii ya pomboo, hadi wamebaki wa kuhesabika kwa vidole.

Mbuta wetu ana nafuu: jike kubwa hutaga mayai kwa mamilioni. Lakini tazama bei. Bondo kubwa hulipwa zaidi kwa kila kilo kuliko dogo, kwa hiyo mvuvi anamtafuta samaki mkubwa, na mbuta wakubwa wengi ni majike. Nchi za ziwa zilipokubaliana viwanda vichukue samaki wa sentimita 50 hadi 85, nia ilikuwa kumwacha mama azae. Biashara ya bondo inamlipa mvuvi avunje nia hiyo. Na faida haimfikii mama anayenunua mgongo wazi, ile mifupa iliyobaki baada ya minofu kwenda ng'ambo.

Mimi sisemi biashara ya bondo ifungwe; imesomesha watoto wengi mwaloni. Ninachotaka ni ukaguzi. Samaki hupimwa kwa rula ufukweni, lakini bondo likishakauka na kutiwa gunia, nani anauliza lilitoka kwa samaki wa urefu gani? Mbuta hayumo katika orodha ya CITES, kwa hiyo hakuna wa nje atakayetuulizia. Hata hivyo ukubwa wa bondo unaeleza ukubwa wa samaki. Mizani ipo Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, na Malaba pia, karibu na Tororo. Maafisa wa uvuvi wa nchi zote mbili wakae hapo, wafungue magunia, wapime.