Friji Inayopoza kwa Moto

Anayekodi gari-nyumba kwa safari ya kwanza, iwe Ujerumani, Sweden au Marekani, huelezwa mengi kabla ya kukabidhiwa funguo: urefu wa gari, tangi la choo linavyomwagwa, waya wa umeme unavyochomekwa kambini. Friji huonyeshwa kwa kidole tu. Asubuhi ya pili maziwa yamechacha, siagi imelainika, na lawama zote zinaishia kwenye friji. Mimi naitetea, kwa sababu mara nyingi kosa si lake. Gari limelala mteremkoni.

Friji nyingi za magari haya hazina kompresa. Hazingurumi, na katika mtambo wake hakuna chuma kinachozunguka. Nyuma ya matundu ya hewa yaliyo ubavuni mwa gari kuna mwali mdogo wa gesi unaopasha bomba moja, na joto hilo ndilo linaloleta barafu. Waliobuni mtambo huu mwaka 1922 walikuwa wanafunzi wawili wa chuo cha ufundi cha kifalme jijini Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters. Kufikia 1925 kampuni ya Electrolux ilikuwa imekwisha kuuchukua.

Ndani ya mabomba hayo yaliyofungwa kabisa mna maji, amonia na haidrojeni. Moto unapochemsha mchanganyiko wa maji na amonia, amonia hutoka kwanza. Mapovu yake hupanda katika bomba jembamba yakiyasukuma maji juu, na hiyo ndiyo pampu pekee iliyomo. Mvuke wa amonia hufika kwenye mapezi ya chuma, hupoa na kuwa kimiminika, kisha huteremka hadi kwenye mabomba ya ndani ya friji, ambako haidrojeni inausubiri. Nguo mbichi hukauka kambani bila kuchemshwa kwa kuwa hewa inayoizunguka ina nafasi ya kupokea mvuke. Haidrojeni huipa amonia nafasi hiyohiyo. Amonia inageuka mvuke tena, na joto la kuigeuza inalichota kwenye nyama na maziwa yako. Mchanganyiko wa gesi hizo mbili ni mzito kuliko haidrojeni peke yake, kwa hiyo unashuka wenyewe. Huko chini maji yaliyopungukiwa amonia yanaifyonza, haidrojeni inabaki nyepesi, inapanda, na mzunguko unaanza upya.

Kila hatua hapo inategemea kitu kushuka au kupanda chenyewe. Ndiyo maana watengenezaji huruhusu mwinamo wa nyuzi chache tu. Gari likilala upande, maji hayarudi vizuri penye moto, na bomba linapashwa likiwa kavu. Kromati, dawa ya kuzuia kutu iliyoyeyushwa humo, hugeuka chembechembe na kuziba njia. Kila usiku wa mteremkoni huongeza kuziba huko, mpaka friji inakufa kabisa. Gari likiwa mwendoni hakuna neno, kwani mtikisiko huyachanganya maji na kuyarudisha. Kinachoua ni kusimama kwa kuinama.

Kwa hiyo beba pimamaji ya fundi. Iweke juu ya sakafu ya friji, pandisha magurudumu juu ya kabari mpaka povu likae katikati, ndipo uwashe gesi. Friji iwashwe siku moja kabla ya safari, na ujaze vilivyokwisha kupoa. Kuipasha friji kwa umeme wa gari ni kwa mwendoni tu. Ukiuacha injini imezimwa, betri itanyonywa usiku. Mwali uzimwe kabla ya kuingia kituo cha mafuta. Wakati wa baridi kali tumia propani, kwa kuwa butani haitoki mtungini chini ya nyuzi sifuri. Ukiona unga wa manjano nyuma ya friji na kunusa amonia, zima, fungua madirisha, ita fundi.

Friji hii ina kasoro zake: hula nishati nyingi kuliko ya kompresa na huchoka joto la nje likizidi. Lakini chuma kisicho na kinachosagika kinaweza kudumu miongo, na inauma kuona kinatupwa kwa sababu tu hakuna aliyemwambia aliyekodi gari aegeshe sawasawa.

Uzembe huu tunao hata kwetu. Zahanati nyingi za Afrika Mashariki zisizo na umeme zilihifadhi chanjo kati ya nyuzi 2 na 8 kwa friji za namna hii, zikiendeshwa kwa gesi au mafuta ya taa. Nazo zilidai sakafu iliyonyooka na utambi safi. Friji za sola zimezirithi, na ni vyema, maana mwali wa mafuta ya taa ni mgumu kurekebisha. Ila zile kuukuu zisiozee stoo. Zipelekwe kwenye vyuo vya ufundi vya VETA nchini Tanzania, amonia iondolewe na fundi anayeijua kazi hiyo, mabomba yakatwe wanafunzi wayaone kwa ndani. Somo la fizikia lililo wazi zaidi ya hilo ni vigumu kulipata.

Kwingine utaikuta friji ya namna hii kwenye vyumba vya hoteli kwa sababu haina kelele, kwenye boti, kwenye nyumba za Waamish wa Marekani wasiotumia umeme wa gridi, na kwa umbo kubwa zaidi viwandani, ambako joto ambalo lingepotea bure hutumika kupozea majengo.